Samaki wa Kioni: Pambo au Amana?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, wa nchi kavu na wa majini. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baadu.

Watu wa pwani wana mithali waipigayo juu ya nyumba isiyo na mkubwa: husema nyumba hiyo ni ya kambare, baba ana ndevu, mama ana ndevu, na watoto wana ndevu. Maana yake ni kwamba ndevu zikiwa za kila mtu, hajulikani ni nani wa kuulizwa. Lakini katika mito ya Amerika ya Kusini Mwenyezi Mungu ameumba kambare wa namna nyingine, ambaye mithali hii haimpati. Wataalamu humwita Ancistrus. Ni samaki mdogo, asiyezidi sana sentimita 15 akiwa mtu mzima, mwenye mwili wa magamba magumu na mdomo ulio chini ya kichwa, ambao kwao hushikamana na mawe na magogo akikwangua mwani. Watoto wake hawana ndevu. Jike hana, au anazo chache fupi pembezoni mwa pua. Dume peke yake ndiye aliyejaa ndevu nene usoni, tangu puani hata juu ya kichwa.

Na huyo mwenye ndevu ndiye mlezi. Huchagua pango au tundu ndani ya gogo, akalisafisha. Jike akaingia, akataga mayai ya rangi ya machungwa yaliyoshikamana kama kichala, kisha akenda zake. Dume hubaki. Huyapepea mayai kwa mapezi yake ili maji yenye hewa yapite juu yake, humzuia adui mlangoni, na mara nyingi siku hizo hatoki kutafuta chakula. Baada ya siku kama tano hata kumi, kwa kadiri ya joto la maji, mayai hupasuka. Hata hapo watoto hawatoki. Hukaa pangoni siku kadhaa nyingine, kila mmoja amebeba kiini cha yai tumboni mwake kama masurufu ya safari, na kikiisha ndipo watokapo kutafuta riziki. Mwaka 1999 wataalamu watatu, Mark Sabaj, Jonathan Armbruster na Lawrence Page, walitoa rai kwamba ndevu za dume zinafanana na watoto wachanga wa samaki, na kwamba jike huvutiwa nazo kwa sababu ni kama dalili kuwa huyu ni mwenye kulea. Ikiwa rai hiyo ni sahihi, basi ndevu za samaki huyu si pambo, bali ni alama ya mwenye dhamana.

Samaki huyu leo si wa mito ile tu. Huzalishwa majumbani katika nchi nyingi za dunia, huuzwa akiwa bado mtoto wa sentimita tatu au nne, na hutiwa katika birika la kioo lililowekwa sebuleni. Hapo ndipo lizukapo swali. Je, mtu akimmiliki kiumbe kama huyu kwa ajili ya kumtazama, amemiliki pambo, kama saa ya ukutani, au amechukua amana? Na kama ni amana, mpaka wake ni upi?

Jambo la kwanza ni kujua kwamba kufuga kiumbe kwa kufurahika naye si haramu kwa asili yake. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Anas bin Malik alikuwa na ndugu mdogo aitwaye Abu Umair, aliyekuwa na kijidege akichezacho. Mtume (s.a.w.) akiingia nyumbani kwao humtania mtoto yule kwa kumuuliza habari za kijidege chake, wala hakukataza kuwekwa kwake. Wanavyuoni wametoa katika kisa hiki hukumu nyingi; na Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 335 Hijria, alikusanya humo faida 60. Miongoni mwa waliyoyasema wanavyuoni ni kwamba yafaa kumweka ndege kizuizini. Basi birika la samaki halina neno kwa kuwa ni birika. Neno ni juu ya yanayotendeka ndani yake.

Jambo la pili ni kisa cha mwanamke na paka, nacho kimo katika vitabu hivyo hivyo. Mwanamke huyu aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hata akafa. Na mwenye akili na azingatie namna kosa lake lilivyoelezwa. Halikuelezwa kuwa ni kumfunga tu, bali ni kumfunga na asimpe chakula, wala asimwachie akajitafutia katika vidudu vya ardhi. Kwa hiyo mwanamke yule alikuwa na milango miwili ya kuokoka: mlango wa kulisha na mlango wa kufungua. Alipoifunga yote miwili ndipo ilipompata adhabu.

Sasa na atazamwe samaki wa kioni kwa kipimo hicho. Mbuzi aliye zizini hupata majani na maji kwa mkono wa bwana wake, lakini pumzi yake huipata kwa Mola wake bila ya kupitia kwa mtu. Paka aliyefungwa chumbani hukosa chakula, lakini hewa hakosi. Samaki wa kioni hana hata hiyo. Maji anayoyavuta mashavuni mwake yametiwa na mtu, na yakichafuka hana kijito cha kukimbilia. Chakula chake, joto lake, na pumzi yake ya kila saa vimepitishwa katika mkono wa mfugaji mmoja. Riziki yote ni ya Mwenyezi Mungu, bila ya shaka. Lakini mtu huyu amejiweka mwenyewe njiani, kati ya kiumbe na riziki yake. Aliyesimama njiani ataulizwa habari za yaliyopita kwake na ya yaliyozuilika kwake. Kwa hiyo si pambo. Ni amana, tena ni nzito kuliko ya mbuzi.

Na uzito wake unazidi kwa kuwa haitimizwi kwa huruma peke yake. Mfano wake ni mtu aliyenunua birika siku ya Alhamisi, akalijaza maji safi ya bomba, na siku ile ile akatia watoto kumi wa kambare huyu. Akawaonea huruma kwa udogo wao, akawatupia chakula asubuhi, adhuhuri na jioni, na kilichobaki akakiacha wapate kula usiku. Baada ya siku chache akarudi kutoka sala ya Alfajiri akakuta watatu wamelala chali. Na siku ya pili yake, watano. Akasema, “Maji ni meupe kama yalivyokuwa, na chakula kipo, hii ni kudura ya Mwenyezi Mungu.” Ni kweli kwamba kila kitu ni kwa kudura yake, lakini kudura haikumwondolea mtu huyu swali la alilolitenda.

Kwani sababu ilikuwa mkononi mwake. Samaki hutoa sumu iitwayo amonia katika pumzi na taka zake, na chakula kilichooza hutoa sumu hiyo hiyo. Sumu hii haionekani kwa jicho. Maji huweza kuwa maangavu na yakaua. Katika birika lililotengenezwa vizuri huishi vijidudu viitwavyo bakteria, juu ya changarawe na ndani ya chujio, ambavyo huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu. Kisha vingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni kidogo na huondolewa kwa kubadili sehemu ya maji. Vijidudu hivi havizuki kwa siku moja. Birika jipya huhitaji muda wa wiki nne hata sita, kwa kawaida, kabla halijawa makao ya kukalika. Tena maji ya bomba yaliyotiwa klorini huwadhuru samaki, na huviua vijidudu vyenyewe, mpaka yatibiwe kwanza kwa dawa ya kuiondoa. Basi mtu yule aliwaua watoto wale kwa haraka yake na kwa ukarimu wake. Huruma isiyo na elimu ni kama mkono wa kipofu uliotumwa kutoa mwiba jichoni mwa mtoto.

Kwa sababu hii kujua ni sehemu ya kulisha. Aliyechukua kiumbe hawezi kujitetea kwa ujinga ambao angaliweza kuuondoa kwa kuuliza. Na yanayopasa kujulikana si mengi. Watoto wa kambare huyu wakisha toka pangoni huhitaji chakula karibu nao daima, kwa kuwa matumbo yao ni madogo na kazi yao ni kukwangua mchana na usiku. Huwafaa mboga laini: tango, mumunye, mchicha uliochovywa katika maji ya moto, na kipande cha gogo la kukwangua. Masalio yaondolewe kabla hayajaoza. Maji yabadilishwe kidogo kidogo, kama robo moja kwa wiki, au zaidi wakiwa wengi, kwa maji yenye joto lile lile, lililo baina ya digrii 23 na 27. Na mdomo wa pampu ya chujio ufunikwe kwa sponji, wasije wakavutwa ndani. Haya yote hayamchukui mtu saa nyingi. Humchukua kukumbuka kila siku, na hilo ndilo gumu.

Iko dhulma nyingine iliyo mashuhuri, ambayo watendao hawaioni kuwa ni dhulma. Wengi hawamnunui kambare huyu kwa kumpenda, bali humnunua kuwa fagio. Huambiwa na muuzaji kwamba hula uchafu wa birika, nao hudhani kwamba hula na mavi ya samaki wengine. Basi humtia humo na wasimpe kitu, wakisema riziki yake ni kazi yake. Hilo si kweli. Yeye hula mwani uotao juu ya kioo na magogo, wala hali taka za wenziwe. Bali na yeye huongeza zake. Na mwani ukiisha, kioo kikang'ara, bwana wa nyumba hufurahi, ilhali mfanyakazi amekwisha kukosa chakula. Hushinda ameng'ang'ania kioo mbele ya macho ya wageni, na tumbo lake limeingia ndani, na hakuna alitazamaye kwa kuwa liko upande wa chini. Je, mtu akimwajiri mtumishi, kisha akamnyima chakula siku ile alipoimaliza kazi vizuri, ataitwaje? Samaki huyu hutaabishwa kwa ajili ya wema wa kazi yake.

Na lau mtu atasema: “Haya ni maneno ya kuzidisha. Samaki ni kiumbe dhaifu, naye ni halali. Mvuvi huvua mamia kwa usiku mmoja, wakafa juu ya mchanga wa pwani wala hapana amlaumuye. Vipi basi alaumiwe mtu kwa watoto kumi wa kambare wasiotosha kitoweo?” Jawabu yake ni kwamba uhalali wa kumla mnyama si uhalali wa kumtesa. Ng'ombe ni halali, na kumchinja ni halali, lakini kumfunga kwa njaa hata akafa ni haramu kwa ijmai. Mvuvi hutwaa kilichohalalishwa kwa haja iliyohalalishwa, na samaki wake huwa riziki ya watoto wa watu. Samaki aliyekufa kwa sumu au njaa ndani ya kioo hakumfaa mtu chochote. Aliteseka siku nyingi, akatupwa. Na udogo wake haumtoi katika hukumu, kwani paka naye hakuwa mkubwa.

Wanavyuoni wamelieleza jambo hili kwa upana. Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, ametaja katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam haki za wanyama juu ya binadamu. Katika hizo ni kuwalisha hata wakizeeka au wakiugua wakawa hawana manufaa tena. Na kutowaweka pamoja na kitakachowadhuru, kiwe cha jinsi yao au cha jinsi nyingine. Na kuwatengenezea vizuri pahala pao pa kulala na pa kunywa. Aliandika hayo juu ya ngamia na kondoo, lakini mwenye birika akiyasoma huyaona ni yake. Madume wawili wenye ndevu wakitiwa katika birika dogo hupigania pango mpaka mmoja akajeruhika. Na samaki wakubwa walao nyama wakitiwa pamoja na watoto, huwala. Na pahala pa kulala na pa kunywa, kwa samaki, ni nyumba yake nzima.

Lakini mas-ala iliyo nzito kuliko zote huja pale amana inapozaa. Dume na jike wakiwekwa pamoja na pango, wakilishwa vizuri, hutaga; na mzao mmoja huweza kuwa watoto kadhaa wa kadhaa, hata kufikia mia na kupita. Kisha hurudia tena. Mwenye nyumba aliyefurahi kwa mzao wa kwanza hujikuta baada ya miezi michache ana samaki wengi katika birika la lita 100, ambalo kwa haki lilikuwa la jozi moja tu. Maji humlemea. Basi afanye nini?

Wengi hukimbilia njia wanayoiona kuwa ni ya huruma: kuwachukua kwenda kuwamwaga mtoni au ziwani, na kusema, “Nimewaacha huru.” Huu ndio ule mlango wa pili katika kisa cha paka, nao kwa samaki huyu umefungwa. Paka yule angalifunguliwa angalirudi katika ardhi yake na vidudu vyake. Kambare wa Amerika ya Kusini akimwagwa katika mto usio wake, ama atakufa kwa maji yasiyomfaa, na hiyo ni dhulma juu yake. Ama ataishi na kuzaa, na hiyo ni dhulma juu ya wengine. Jamaa zake wakubwa wa ukoo ule ule, waitwao Pterygoplichthys, wameingia hivyo katika maji ya nchi nyingi. Na katika ziwa la Infiernillo, Mexico, walijaa hata wavuvi wakawa wanatoa nyavuni samaki huyo asiyenunulika badala ya perege waliyokuwa wakiishi kwayo. Tena madume wa ukoo huo huchimba mashimo kingoni wapate kulea, na kingo za mito zikabomoka. Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa mbali: sangara alipotiwa katika ziwa Victoria miaka ya 1950, aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa lile zilipotea. Zaidi ya hayo, katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, kitabu kisomwacho na wanafunzi wa Kishafii hata pwani hii, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mwenye kumiliki kiwindwa akikiachia kwa hiari yake, milki yake haiondoki. Basi aliyemwaga samaki mtoni asidhani kwamba ametua mzigo. Ameuweka pahala asipoweza kuuona tu.

Na katika kitabu hicho hicho imo njia. Mwenye mnyama wa kuliwa akikataa kumlisha, hulazimishwa mojawapo ya mambo matatu: kumuuza, au kumlisha, au kumchinja. Kwa samaki wa kioni maana yake ni wazi. Awapanulie makao na kuwalea, akiweza. Asipoweza, awauze au awape wenye mabirika na ujuzi. Na hapo pia asimpe mtoto wa jirani aliye na chupa ya lita mbili, kwani kuikabidhi amana kwa asiyeiweza ni kuipoteza kwa mkono wa mwingine. Na wale wasiopata pa kwenda, kufa kwa upesi ni bora kwao kuliko kufa kwa sumu wiki nzima.

Yuko atakayeuliza juu ya kuwatenga watoto na baba yao, kwa kuwa katika Abu Daud imepokewa kutoka kwa Abdullahi bin Masud kwamba masahaba walichukua makinda mawili ya ndege safarini, mama yao akaja akirukaruka kwa huzuni, na Mtume (s.a.w.) akaamuru arudishiwe. Jawabu ni kuwa watoto wa kambare walio pangoni bado wamo katika ulezi, na kumwondolea baba yao bila ya dharura ni kutenda lile lililokatazwa. Wakisha toka na kujilisha wenyewe, ulezi umekwisha, na kuwatenga hakuna huzuni ndani yake. Elimu ya kiumbe ndiyo inayoonyesha hukumu inapoanza na inapokoma.

Lakini njia iliyo bora kuliko zote hutangulia mayai. Aliyetia dume na jike na pango katika birika moja hakushtukizwa na Mwenyezi Mungu; alitengeneza sababu kwa mkono wake. Na aliye na pahala pa samaki mmoja tu, aweke mmoja. Kambare huyu huweza kuishi miaka 10 na zaidi, na mtoto aliyemlilia baba yake anunuliwe leo huenda akawa na ndevu zake mwenyewe kabla samaki hajafa. Basi baba na ajihesabu kabla hajalipa. Si aibu kwa mtu kusema, “Hili siliwezi,” akapita duka akaenda zake. Aibu ni kuweza kununua tu.

Na katika hili wanaume ndio wa kwanza kuulizwa, kwa kuwa wao ndio wachunga wa nyumba zao na wao ndio hutoa fedha. Mtumishi akidhulumiwa huenda kwa kadhi. Mke akinyimwa nafaka ana walii na ana ulimi. Hata punda hulia, majirani wakasikia. Samaki hana sauti ya kulalamika, wala hana machozi yatakayoonekana ndani ya maji. Hakuna shahidi juu ya bwana wake ila Yule asiyefichikiwa na kitu. Kwa hiyo birika la kioo, ambalo mtu huliweka ili aone ndani ya maji, kwa kweli huonyesha upande wa pili: humwonyesha mtu namna alivyo pale ambapo hapana wa kumshitaki.

Dume yule wa mto wa mbali hakusoma kitabu wala hakuambiwa haki ya mtoto. Lakini alipewa ndevu, akapewa pango, naye akasimama mlangoni na njaa yake mpaka wa mwisho akatoka. Aliyepewa akili juu ya ndevu ana haki zaidi ya kusimama.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, na kwake ndiko kuwezeshwa.